Kisukari, Moyo na Mafigo: Hotuba Iliyotolewa Nyegezi

Hotuba hii ilitolewa Nyegezi, Mwanza, Jumapili alasiri, mbele ya wakazi wa Nyegezi, Malimbe, Luchelele na Mkolani. Msemaji ni mganga aliyestaafu kazi ya zahanati. Mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe. Tumeitoa kama alivyoisema, ila tumepunguza maneno ya mwanzo ya kuamkiana, nayo yalikuwa mengi.



Nimeombwa nije niseme juu ya ugonjwa wa kisukari. Nadhani walioniomba walitazamia kwamba nitawakatazeni soda na maandazi, kisha twende zetu nyumbani. Maneno hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Anayetaka kuyafuata anayafuata, na asiyetaka hanuniki wala hayafuati. Leo nimekuja na shauri jingine. Nataka kusema juu ya kile kinachowaua watu wenye kisukari, maana ni mara chache mtu kufa kwa utamu wa damu peke yake. Walio wengi hufa kwa moyo, hufa kwa kiharusi, hufa kwa mafigo. Na kati ya sukari na vifo hivyo kuna kitu ambacho watu wengi hawajaambiwa habari zake. Hicho ndicho nitakachokisema.

Tuanze na hesabu. Sisi watu wa ziwa hatugawani samaki kabla ya kuwahesabu.

Katika miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty, daktari aliyekuwa Muhimbili, pamoja na wenzake, walikwenda katika vijiji sita vya Tanzania wakapima damu za watu zaidi ya 6,000. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1989. Wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila 100. Mwaka 2012 watu wa umri wa miaka 25 mpaka 64 walipimwa nchini, mjini na shamba, wakaonekana wenye kisukari kiasi cha 9 katika kila 100, na wenye shinikizo la damu, yaani presha, kiasi cha 26 katika kila 100. Najua wako wasomi hapa, hasa ninyi mliotoka chuoni Malimbe, mtakaosema kwamba upimaji ule wa kwanza na huu wa pili haukuwa wa namna moja, wala umri wa watu haukuwa mmoja. Ni kweli. Punguzeni mnavyotaka kupunguza. Bado mtabaki na jambo kubwa, na wazee wenzangu ni mashahidi: tulipokuwa vijana, katika ukoo mzima ulikuwa huwezi kumtaja mtu mmoja mwenye kisukari. Leo kila nyumba inaye, au inaye bila kujua.

Sasa hesabu ya hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha habari za wagonjwa 369 wa kisukari, watu wazima waliokuwa wakija kliniki pale na kurudi makwao. Si watu waliolazwa. Ni watu waliokuja kwa miguu yao, wakapimwa sukari, wakapewa vidonge, wakarudi kuuza nyanya. Madaktari wakapima na mafigo yao. Katika watu 369, watu 309 walikuwa na dalili ya ugonjwa wa mafigo. Ni karibu watu 84 katika kila 100. Watu 295 mkojo wao ulikuwa unapitisha protini isiyotakiwa kupita, na watu 91 nguvu za mafigo yao zilikuwa zimekwisha kushuka.

Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi nilipoisoma habari ile. Lililonikosesha usingizi ni hili: katika watu hao wote wenye mafigo mabovu, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Hata mmoja! Na ukifungua mafaili yao, ni watu 5 tu walioandikwa kwamba wana ugonjwa wa mafigo uliotokana na kisukari. Watu hawa walikuwa kliniki, ndugu zangu. Hawakuwa wamejificha porini.

Kwa haki niseme jambo moja. Mkojo ukionekana na protini mara moja tu, haitoshi kumhukumu mtu. Homa yaweza kuleta, maambukizo ya njia ya mkojo yaweza kuleta, kichocho cha kibofu chaweza kuleta. Desturi ya daktari ni kupima tena, na kungoja miezi mitatu kabla ya kusema neno la mwisho. Kwa hiyo huenda wengine katika wale 309 wangetoka katika hesabu. Haya, watoe. Hata ukiwatoa nusu, je, hao waliobaki si wengi?

Sasa nieleze mambo yalivyo mwilini. Nitasema polepole.

Mvuvi akichomwa na mwiba wa sato kidoleni, saa chache baadaye kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kina joto, kinauma. Si mwiba unaofanya hayo. Mwiba ulikwisha tolewa. Ni askari wa damu yake mwenyewe. Wamekuja kupigana na wadudu walioingia na mwiba, wanamwaga dawa zao kali, wanaita wenzao, wanafungua mishipa ili wapite. Sisi waganga tukiona hali hiyo twasema mahali hapo panawaka. Moto huo ni mwema. Ukimaliza kazi yake unazimika, kidole kinapona.

Lakini uko moto wa namna ya pili, nao ndio wa kisukari. Huu hauna ndimi, hauumi, hauonekani. Mnajua kile kisiki cha shikome, ambacho wazee wakiisha kwenda kulala kinaendelea kufuka taratibu mpaka asubuhi? Huo ndio moto wenyewe. Askari wa damu wametoka kambini, hawana adui wa kupigana naye, wala hawarudi kambini. Wanamwaga dawa zao kali kidogo kidogo, mchana na usiku, mwaka hata mwaka, juu ya nyumba yao wenyewe.

Nani aliyewaita? Mara nyingi ni kitambi. Sisi kitambi tumekipa heshima. Mtu akiwa nacho twamwita bosi, na akipungua twauliza kama anaumwa. Twadhani mafuta ya tumboni ni ghala tu, kama vihenge vya mtama. Sivyo. Yale mafuta ni hai. Yakijaa kupita kiasi, vijumba vyake vinatanuka, vinakosa hewa, vingine vinakufa. Askari wanakuja kuzoa maiti, na wakija wanapeleka habari za vita mwilini mote. Habari hizo zikifika katika ini na misuli, zinaizuia insulini isifanye kazi, na insulini ndiyo inayofungulia sukari mlango iingie. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walionyesha jambo hili katika panya wanene: walipokizuia kitu kimoja katika hivyo vinavyotolewa na askari, insulini ya panya wale ikapata nguvu tena. Hivyo moto unaleta sukari. Na sukari ikizidi nayo inachochea moto. Ni duara.

Tena msidhani ni wanene peke yao. Hapa kwetu wako wembamba wengi wenye kisukari, na moto wanao. Tumbaku inauchochea. Ufizi mbovu unaotoka damu na usaha unauchochea, jambo ambalo watu hulicheka, lakini imeonekana kwamba mwenye kisukari akitibiwa ufizi, hata sukari yake hushuka kidogo.

Basi moto huu huenda wapi? Huenda kwenye mishipa ya damu. Kwa ndani mshipa una utando laini sana. Moto ukiukwaruza utando huo, mafuta ya damu yanapenya chini yake. Askari wanakuja kuyameza, wanameza mpaka wanavimbiwa, wanafia pale pale, na chini ya utando panakuwa na kitu kama uji mzito. Siku moja ngozi ya juu inapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Ukiziba mshipa wa kichwani ni kiharusi. Ukiziba mshipa wa moyo, ni moyo.

Hapo nawaombeni mnisikilize sana, hasa akina mama. Mtu wa kawaida moyo wake ukizibwa anashika kifua, analia. Mwenye kisukari cha miaka mingi, mishipa yake ya fahamu imekwisha kufa ganzi, naye huweza kupata pigo la moyo bila kuumwa kifua. Atasema tu, "Nimechoka leo, napumua kwa shida." Atatoka jasho la baridi, pengine kichefuchefu. Nyumbani watasema ni malaria, watampa dawa ya malaria alale. Asubuhi tutapiga mbiu ya msiba na kusema amekufa ghafula. Hakufa ghafula. Usiku kucha alikuwa anaaga.

Sasa mafigo. Mafigo ni mawili, kila moja si kubwa kuliko ngumi ya mtu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Pipa la mafuta mnalolijua ni lita 200. Mafigo yako huchuja kiasi cha lita 180 kila siku, karibu pipa zima, kisha yanakurudishia karibu yote, na kukutolea mkojo wa lita moja au mbili tu. Hakuna mashine ya kiwanda cha samaki iliyo na kazi kama hiyo. Sukari ikizidi, presha ikipanda, na moto ule ukifika pale, vichujio vinatoboka kama wavu uliokatika macho. Kinachoanza kuponyoka ni protini moja iitwayo albumini. Halafu vichujio vinaota kovu, vinafunga, kimoja kimoja. Kilichofunga hakifunguki tena.

Na mtu hasikii kitu! Anakula, anafanya kazi, anakwenda harusini. Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini nacho hukawia kusema. Kinapopanda, sehemu kubwa ya mafigo imekwisha kwenda. Lakini mkojo husema mapema, pengine kwa miaka mingi kabla. Ndiyo maana nausifu mkojo leo mbele ya wakwe zangu bila aibu.

Tena mafigo yakichoka, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda, moyo unabebeshwa mzigo. Na moyo ukichoka, damu haifiki vizuri katika mafigo. Ni watu wawili katika mtumbwi mmoja. Kwa hakika wenye kisukari wengi walioharibika mafigo hawafiki hata kwenye mashine ya kusafisha damu. Moyo huwaondoa kabla.

Kaka yangu alifika. Nitasema habari zake, naye ni marehemu, Mungu amrehemu. Alikuwa mvuvi wa dagaa, kazi ya usiku, mtu mwenye mabega. Kisukari chake kilijulikana akiwa na miaka 48, akawa akija kwangu nimpime sukari kidoleni, namwambia iko juu au iko chini, namwongezea au nampunguzia vidonge. Miaka tisa. Sikupima mkojo wake hata siku moja. Mimi, mganga, ndugu yake wa tumbo moja. Katika zahanati niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, vile vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vinafika kwa bahati, na vikifika twawapimia wajawazito. Lakini sitaki kujificha nyuma ya vijiti. Duka la dawa lilikuwa hatua mia, na kijiti si ng'ombe.

Magoti yakawa yanamsumbua. Akaanza kununua diklofenaki dukani, kidonge asubuhi na kidonge jioni, karibu miaka mitatu. Na haya nayasema kwa sauti: diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wanabana mishipa inayopeleka damu katika mafigo. Kijana mzima akinywa siku tatu, aghalabu haimdhuru. Mwenye kisukari na presha akinywa miaka mitatu, anakata tawi alilokalia. Miguu ikavimba. Watu wakasema amekanyaga dawa aliyotegewa mwaloni, maana alikuwa amegombana na mtu juu ya nyavu. Akapelekwa kwa waganga wa kienyeji wawili, akanywa mizizi ambayo hakuna aliyejua ni mizizi gani. Alipofika hospitali kubwa, mafigo yalikuwa yamekwisha.

Mashine ya kusafisha damu tunayo, Bugando wanayo, na siku hizi mikoa mingi inayo. Nashukuru. Lakini mjue ni nini. Ni mara tatu kila juma, kiasi cha saa nne kila mara, maisha yako yote, au mpaka upate figo la mtu mwingine. Kupandikiza figo nako kumeanza nchini: Muhimbili walifanya mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Ni fahari yetu. Ila sisi tuliuza ng'ombe wanne, tukauza kiwanja cha Mkolani, na mwezi wa tano kaka akafa, si kwa mafigo bali kwa moyo, akiwa amekaa kitini anangoja gari. Matanga yake yalichangiwa vizuri sana. Daftari la michango ninalo. Fedha zile za siku tatu za matanga zingenunua vijiti vya mkojo vya kupima wenye kisukari wote wa mtaa wetu, na chenji ingebaki.

Baada ya matanga nikaenda kupima wangu. Mimi nami nina kisukari, mwaka wa saba sasa. Albumini ilikuwamo.

Basi mtauliza, moto huu hauna maji ya kuuzima? Ni swali la zamani. Mwaka 1876 daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Ebstein, aliwapa wagonjwa wa kisukari dawa ya salisilati, jamii ya aspirini, akaona sukari katika mkojo inapungua. Hakujua sababu. Ilichukua zaidi ya miaka 100 watu waelewe kwamba huenda alikuwa anauzima moto. Lakini vipimo vya dawa ile vilikuwa vikubwa mno, vinaumiza tumbo na masikio. Asitoke mtu hapa kwenda kununua aspirini ya kutibu sukari. Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio ya watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata pigo la moyo. Walipewa sindano ya kuzima moto tu, wala haigusi mafuta ya damu. Mapigo ya moyo na viharusi vikapungua kwa kiasi cha 15 katika kila 100. Jambo hilo lilithibitisha kwamba moto ni wa kweli. Lakini waliopata sindano walikufa zaidi kwa maambukizo, maana askari waliwekewa pingu wote, wabaya na wema. Hapa kwetu, ambapo kifua kikuu bado kipo, na mwenye kisukari hukipata kwa urahisi kuliko wengine, mimi sindano hiyo siitamani. Na bei yake si ya binadamu.

Ninazozitamani ni zile za kawaida. Ya kwanza ni kushusha presha. Uingereza waliwafuata wenye kisukari kwa miaka mingi, na mwaka 1998 wakatangaza kwamba wale ambao presha yao ilishikwa kwa nguvu walipungukiwa na viharusi kwa 44 katika kila 100, na vifo vya kisukari kwa 32. Mwaka 2001 ikaonekana kwamba dawa ya presha iitwayo losatani inakawiza kuharibika kwa mafigo ya wenye kisukari, kupita vile ambavyo presha peke yake ingeeleza. Losatani ni dawa ya siku nyingi sasa, na bei yake imeshuka. Mama mjamzito asiinywe. Iko na dawa ya kushusha mafuta ya damu, wengi wenu mnastahili kupewa wala hamjapewa.

Halafu ziko hizi mpya, zinazoitwa dapagliflozini na empagliflozini. Babu yao ni kitu kilichotolewa katika gome la mti wa tufaha huko Ulaya mwaka 1835. Kazi yake ni kuyaambia mafigo yaiachie sukari itoke na mkojo, na kwa kufanya hivyo yanapungua kusukumwa. Mwaka 2020 zilitoka habari za majaribio ya wagonjwa wa mafigo 4,304, wenye kisukari na wasio nacho: waliopewa dapagliflozini, hatari ya mafigo kuharibika sana au kufa kwa mafigo au moyo ilipungua kwa 39 katika kila 100. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya jamii hii katika orodha ya dawa za lazima. Dawa ya lazima! Basi yatupasa kuuliza mbele ya wakubwa wetu, kwa adabu lakini bila kunong'ona: je, duka la dawa la hospitali yetu ya wilaya pale Butimba inayo? Mwenye bima anaipata? Asiye na bima anaipata kwa shilingi ngapi? Diwani akija kuomba kura tumzoee kwa maswali ya namna hii, si ya barabara peke yake.

Na swali la kwanza kabisa liwe la vijiti vya mkojo. Mwenye kisukari yeyote hapa, ukienda kliniki usikubali kuchomwa kidole tu ukarudi. Mwambie mganga: "Nipime presha. Nipime mkojo kwa protini, leo na kila mwaka. Nipime kreatinini." Akisema hakuna vifaa, usimgombeze, yeye si mwenye bohari. Mwambie aandike katika daftari lako kwamba hakuna. Madaftari 50 yaliyoandikwa "hakuna" ukiyaweka juu ya meza ya kata, yanasema kuliko mimi.

Juu ya chakula nitasema kidogo tu. Michembe, matobolwa, dona, nsansa, mlenda, samaki: mababu zetu walikula hivyo na walitembea. Tatizo ni sahani ya wali mpaka ukingoni, soda juu yake, na bodaboda kutoka stendi mpaka nyumbani, mwendo wa dakika kumi. Na kayabo, wapendwa. Najua ni tamu. Lakini ile ni chumvi iliyovaa nguo za sangara. Mwenye presha ailoweke sana, amwage maji, au aiache.

Nimesema ya kutosha. Leteni maswali.

(Maswali yalikuwa mengi, tumechagua matatu.)

MVUVI: Mganga, sisi twasikia kwamba sindano ya insulini ndiyo inayoua mafigo. Jirani yangu alianzishiwa, hakumaliza mwaka.

JIBU: Asante, baba, kwa kuuliza mbele ya watu yale yanayosemwa gizani. Insulini haiui mafigo. Ila sisi twaikataa insulini mpaka tumezidiwa, kisha twaikubali mafigo yakiwa yamekwisha haribika. Ndipo watu husema sindano ndiyo iliyomwua. Ni kama kumshitaki mzima moto kwa sababu alionekana penye nyumba iliyoungua. Lakini lipo jambo moja la kweli hapo. Mafigo yakipungua nguvu, insulini hukaa mwilini zaidi, sukari huweza kuanguka mno, kwa hiyo kipimo hupunguzwa. Hata metifomini hupunguzwa, na mafigo yakishuka sana huachwa. Ndiyo sababu ya pili ya kupima kreatinini.

MAMA: Mimi natumia majani ya mlonge na mizizi fulani, na sukari inashuka. Niache?

JIBU: Mama, mlonge ukiwa mboga, kula. Mizizi usiyoijua ndiyo ninayoiogopa, maana nilimwona kaka yangu. Usiache vidonge vya hospitali kwa ajili yake, wala usimfiche daktari. Mpelekee aione. Na upime mafigo kabla ya mwezi huu kwisha.

KIJANA: Nina miaka 32, nabeba mizigo stendi ya Nyegezi. Sina kitambi. Baba ana kisukari, na shangazi. Mimi nami nipime?

JIBU: Uko karibu, kijana, wala si mbali. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale ofisi ya mtaa na mashine yangu na vijiti nilivyonunua kwa fedha yangu, viko 25. Usinywe chai kabla ya kuja. Na mlete baba.